Vitabu sita vya Earthsea: kipi mnakiweka juu, na kipi kinafaa kusomwa barazani?

Mwana wa Shangani
Wakuu, habari za humu. Kikundi chetu cha kusoma hapa Mtwara kimefika kwenye Earthsea, mfululizo wa hadithi za visiwa na uganga wa Ursula Le Guin, na ubishi umeanza, kila mtu ana chake. Kwa asiyejua orodha, kwa mpangilio wa kutoka: A Wizard of Earthsea (1968), The Tombs of Atuan (1971), The Farthest Shore (1972), Tehanu (1990), kisha Tales from Earthsea na The Other Wind, vyote 2001. Humu tutaje kwa namba tu, cha kwanza hadi cha sita.

Naomba msaada wa aina tatu. Kwako wewe kipi kinakaa juu, na kwa nini? (Jibu la "vyote vizuri" halitusaidii.) Halafu, tupo tisa, na tukinyoosha mikono kinashinda cha kwanza kila mara huku nusu ya watu wakinung'unika, sasa tupige kura vipi? La mwisho, kitakachoshinda tunataka kukisoma kwa sauti barazani siku za Jumamosi kwa Kiswahili cha papo kwa papo, maana wasikilizaji wengi hawafuati Kiingereza. Walioko Lindi na Kilwa karibuni. Anayetoboa siri ya hadithi aandike TAHADHARI kwanza.

Foromali
Cha kwanza, na sibanduki.

Cha tatu nacho kiko majini karibu mwanzo hadi mwisho, lakini pale bahari ni barabara ya kupitia. Kwenye cha kwanza bahari inafanya kazi. Chukua sura ya 8 peke yake. Ged, kijana mwenye uganga ambaye ndiye shujaa wa kitabu, anakifukuza kivuli kilichokuwa kikimwinda, kwa upepo aliouita mwenyewe, ukungu umefunga, na chombo kinapanda mwamba. Kosa lake ni la nahodha yeyote mwenye haraka: upepo uko nyuma, mbele haoni, na macho yako kwenye kile anachokifukuza badala ya kuwa kwenye rangi ya maji. Baadaye anaunga mbao zilizookotwa kwa maneno ya uganga, na hapo mwandishi anaweka sharti ambalo wengi wanalipita haraka: chombo kile kinashikana kwa muda ule tu ambao akili ya Ged iko juu yake. Akijisahau, zinabaki mbao zinazoelea. Ndiyo maana ninakipenda. Nguvu ina gharama, na gharama yenyewe unaiona kwa macho, ni usingizi.

Kisha anapata mashua nyingine kwa mvuvi mzee aliyemtibu mtoto wa jicho. Mzee anasema iitwe Lookfar, yaani Tazama-Mbali, na ichorwe macho kwenye omo, ili shukrani zake zimwangalizie Ged miamba. Hapo barazani hamtahitaji maelezo, mitepe ya zamani ya pwani yetu ilichorwa macho vilevile.

Kasoro zake ninazijua. Mazungumzo ni machache, wanawake karibu hawamo, na sura ya 3 ya chuoni Roke inaleta walimu wengi kwa mpigo, msikilizaji anapotea. Mkisoma kwa sauti tajeni watatu tu, wengine waingie wanapohitajika.

Mkitaka kuwaonjesha watu kabla ya kura, someni sura ya 5, joka la Pendor. Inasimama yenyewe, na ndani yake kuna mapatano mazuri kuliko yote katika sita: Ged ana nafasi ya kuuliza jina la kivuli kinachomwinda, au kuwakinga watu wa visiwa aliopewa kuwalinda. Hawezi vyote viwili.

Binti Songo Mnara
Kaka Foromali umetetea mashua, kitabu hujakitetea 😄

Mimi ni cha pili. Kina dibaji fupi na sura 12, na Ged anaingia sura ya 5. Sura nne nzima hakuna bahari wala mchawi, kuna msichana na giza. Wanaokiacha wanakiachia hapo, wakiwa wamekaa mkao wa kumsubiri Ged kama abiria anayesubiri basi, ndipo kura zake zinapopotea. Waambieni watu mapema kwamba mwenye kitabu ni Tenar, mtaona kama hawatakaa.

Anachukuliwa kwao akiwa na miaka mitano, kwa kuwa alizaliwa usiku ule aliokufa kuhani mkuu. Jina linaondolewa, anaitwa Arha, Aliyeliwa. Chini ya makaburi mwanga ni mwiko, kwa hiyo njia za mapangoni anazijua kwa vidole na kwa hesabu: upenyo wa ngapi mkono wa kushoto, wa ngapi kulia. Unahesabu pamoja naye, na akikosea moja unahisi tumboni. Toleo lenu likiwa na ramani ya mapango, mwenye kitabu aifiche mpaka sura ya 5 iishe. Ramani inaua giza lote.

Kwa kusoma kwa sauti hakuna kinachokikaribia. Wahusika ni wachache, mahali ni pamoja, na hakuna visiwa ishirini vya kukumbuka majina. Someni usiku. Mwisho wa sura ya 4 simameni, kikao kivunjike hapohapo hata kama muda umebaki. Sura ya 5 ianze wiki inayofuata taa ikiwa imefifishwa, kwa sababu kinachotokea ndani yake ni mwanga kuonekana mahali ambapo haukuwahi kuwepo. Mkiunganisha 4 na 5 kikao kimoja, mmeutupa mpigo wenyewe.

Kilipata heshima ya Newbery mwaka 1972, lakini hiyo si hoja, cha tatu nacho kina National Book Award ya 1973 na nitakiweka karibu na mwisho.

Kalamu na Karatasi
Mimi nijibu la kura tu.

Tatizo lenu ni kura ya mkono mmoja. Chukua mfano wa watu tisa na vitabu vitatu kurahisisha. Wanne wanapanga 1, 2, 4. Watatu wanapanga 4, 2, 1. Wawili wanapanga 2, 4, 1. Kwa mikono, cha kwanza kina nne, cha nne kina tatu, cha pili kina mbili: cha kwanza kimeshinda. Lakini angalia tena, watu watano kati ya tisa wamekiweka cha kwanza mkiani kabisa. Hayo ndiyo manung'uniko unayoyasikia.

Sasa toeni alama: nafasi ya juu 3, ya kati 2, ya chini 1. Cha kwanza kinapata 17, cha pili 20, cha nne 17. Kura ni zilezile, mshindi ni mwingine. Kwa vitabu sita alama zinaanzia 6 hadi 1, kila karatasi ina 21, na karatasi tisa zina 189. Andikeni 189 ubaoni kabla ya kuhesabu. Jumla isipotimia, kuna karatasi iliyorukwa au mtu ametoa alama moja mara mbili.

Njia hii inaharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni mtu ambaye hajasoma vyote. Akiviweka chini asivyovijua, anaviadhibu vitabu visivyokuwa na wasomaji, na kwenu hicho kitakuwa cha tano na cha sita. Ya pili ni hila: shabiki wa cha kwanza anayeona cha pili ndicho tishio anakizika nafasi ya sita hata kama moyoni ni cha pili kwake.

Kinachopunguza yote mawili ni kulinganisha kwa jozi. Vitabu sita vinatoa jozi 15. Kila jozi, hesabuni tu waliosoma vyote viwili, na andikeni kipi kimependwa na wengi. Jozi isiyofikisha watu wanne msiihesabu. Kitabu kinachoshinda jozi zake zote ndicho chenu, bila ubishi. Mnaweza kukuta cha 1 kinakishinda cha 2, cha 2 kinakishinda cha 4, na cha 4 kinakishinda cha 1, duara. Hapo rudini kwenye alama, ila kati ya hivyo vitatu peke yake.

Jambo dogo linaloharibu kura kuliko hila zote: swali lenyewe. "Kipi bora", "kipi unakipenda" na "kipi aanze nacho mgeni" ni maswali matatu yenye majibu matatu. Wekeni moja juu ya karatasi. Mimi ningeandika: vitano vikichukuliwa na mafuriko, ungeokoa kipi?

Nangurukuru
Cha nne hakuna aliyekigusa. Nilijua.

TAHADHARI, ninatoboa mwisho wa cha tatu.

Cha tatu kinaisha Ged ametumia nguvu zake zote. Cha nne kinaanzia hapohapo, ingawa kati ya kutoka kwa kimoja na kingine ilipita miaka 18, na mwandishi naye alikuwa amebadilika. Tenar sasa ni mjane wa mkulima kisiwani Gont, watoto wamekua, analea mtoto aliyechomwa moto na watu waliopaswa kumlinda. Ged analetwa na joka, hana hata uganga wa kuwashia mshumaa. Kazi zilizobaki ni mbuzi, vyombo vya kuosha, na nani atalala wapi.

Anayekisoma siku ya pili baada ya kumaliza cha tatu anakichukia, kwa sababu bado masikio yake yanangoja vita. Acheni mwezi katikati, au rudieni cha pili kwanza. Hiyo ndiyo njia ninayowashauri watu: 1, 2, 3, tena 2, ndipo 4. Mkirudia, rudieni pia sura ya 1 ya cha kwanza muone misemo ya Gont kwamba uganga wa mwanamke ni dhaifu na ni muovu. Msomaji wa 1968 aliipita kama mapambo. Cha nne kizima ni mtu anayegeuka nyuma na kuuliza: nani alisema hivyo, na alifaidika nini? Kitabu kimoja kinachokubadilishia vitatu vilivyotangulia, bila kufuta hata mstari wao, mimi nakipa 6 yangu.

Ila kwa baraza yenye watoto, hapana. Yaliyomkuta yule mtoto hayakufichwa. Kisomeni wakubwa peke yenu.

Cha tatu kina kipande kimoja cha dhahabu, sura ya 8, watu wanaoishi juu ya maboya makubwa ya magogo yaliyofungwa, katikati ya bahari kuu, wanaogusa nchi kavu mara moja kwa mwaka kwenda kukata miti ya kutengenezea. Mkitaka kipande kimoja cha kusoma Mikindani au Msimbati, ni hicho. Kinachofuata baada yake ni kizito, mafundisho mengi juu ya kifo na kijana anayemtazama Ged kama mwezi.

Cha tano si riwaya, ni hadithi tano na maelezo ya visiwa. Msikihukumu kwa filamu ya katuni ya Kijapani ya 2006 yenye jina hilohilo. Ile imechota zaidi kwenye cha tatu. Hadithi yake ya mwisho, Dragonfly, lazima isomwe kabla ya cha sita, la sivyo kwenye cha sita mtakutana na Irian, mhusika wa hadithi hiyo, na hamtajua ametoka wapi. Kuna orodha za mitandaoni zinazotanguliza cha sita. Zipuuzeni.

Na kwenye nakala za mitumba fungueni ukurasa wa yaliyomo kabla ya kulipa. Toleo lililoandikwa Trilogy lina vitatu tu, Quartet lina vinne. Toleo kubwa lenye michoro ya Charles Vess, la 2018, ndilo lenye sita zote na hadithi fupi za pembeni, lakini ni zito kama tofali, halifai kushikwa mkononi saa nzima ukisoma kwa sauti.

Mwalimu wa Zamu
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba. Tafsiri ya papo kwa papo ndiyo itakayowaangusha, kura hapana. Andaeni maneno kama ishirini kabla ya kikao cha kwanza, mtu mmoja ashike orodha, na msomaji asibadilishe katikati.

La kwanza ni "mchawi". Mkifungua kwa kusema hadithi hii ni ya mchawi wa visiwani, baraza yote itamchukia Ged kabla hajafanya kosa. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru. Kitabu chenyewe kina ngazi tatu: mwanamke wa kijijini mwenye dawa ndogondogo, fundi wa kazi moja kama upepo au kuunga vitu, na yule aliyesoma Roke mwenye fimbo. Mimi ningesema mganga, fundi, na mjuzi. "Mchawi" mliweke akiba, mlitoe tu pale wahusika wenyewe wanapotukanana.

La pili, joka. Mtu wa huku akisikia joka anaona chatu. Mara ya kwanza tu semeni mabawa, miguu, moto, halafu basi. Walio Lindi wanaweza kuwaonyesha watoto picha ya mifupa ya dinosau wa Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na leo imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Yule alikula majani, hakuwa joka, lakini ukubwa utaeleweka.

La tatu ni jina la kweli, na hapa mtateleza vizuri mkidhani mko nyumbani. Duny anapewa jina la Ged akiwa na miaka 13, anavuka maji, na mwalimu wake Ogion anamnong'oneza. Kila mtu barazani atasema, "aa, jandoni!" Waacheni wafurahi, kisha rekebisheni: jina la jandoni ndilo unaloitwa mbele ya watu na la utotoni ndilo linaloachwa, ukiitwa kwalo ni tusi. Kwa Earthsea ni kinyume. La kweli linafichwa, na hadharani anaitwa kwa jina la ndege, Sparrowhawk. Mkiacha bila kurekebisha, mtu hataelewa kwa nini rafiki yake Vetch kumtajia Ged jina lake la kweli ni zawadi kubwa kuliko mali.

Sasa sarufi, maana ndiyo inayotufaa kuliko Kiingereza. Kivuli kisemwe kwa ki- tangu kinapotoka: kilikuja, kilisimama, kiligeuka. Kuna mahali kinavaa sura ya mtu na ulimi utataka kusema "alikuja". Mkisema "alikuja" mapema, mmetoboa mwisho kwa herufi moja. Shikilieni ki- mpaka sura ya 10.

Na masimulizi ya baharini yapigeni kwa -ka-: akashika usukani, akateremsha tanga, akasikiliza. Le Guin anaunganisha vitendo kwa "na" mfululizo. Mkiitafsiri kila "na" inachosha sikio, lakini -ka- imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Chombo kikienda kinyume na upepo semeni kinabisha, msizunguke na maneno matano.

Kasi: sura moja kwa kikao, hamtaweza zaidi. Cha kwanza kina sura 10, basi ni Jumamosi 10. Cha pili ni 12. Cha sita kina sura tano tu lakini ni ndefu, kila moja mtaikata mara mbili au tatu. Na msianze Oktoba, korosho zikianza kuokotwa viti vitabaki vitupu.

Kura yangu ni cha kwanza.

Foromali
Mwalimu umemaliza. Nangurukuru, yale si maboya, ni machelezo. Chelezo ndilo neno, magogo yaliyofungwa pamoja.

Nangurukuru
Chelezo, sawa. Nakubali kosa, cha nne sikiachi.

Binti Songo Mnara
Niongeze moja kwa watakaochora bango la kikao. Watu wengi wa visiwa vya Earthsea ni weusi na wa rangi ya shaba: Ged ni mwekundu-kahawia, Vetch ni mweusi. Weupe ni Wakargi wanaovamia sura ya 1, na Tenar ni wa kwao. Tamthilia ya televisheni ya 2004 ilimweka Ged mzungu na mwandishi alilalamika hadharani. Majalada mengi ya zamani yana kosa hilo, msiyanakili.

Mwana wa Shangani
Ahsanteni sana. Tunafanya hivi: Jumamosi hii tunaonjesha vipande vitatu, joka la Pendor kutoka cha kwanza, sura ya 1 ya cha pili, na machelezo ya cha tatu, dakika ishirini kila kimoja. Cha nne kitakuwa kwenye karatasi za wakubwa tu. Kisha jozi 15 ubaoni na swali la mafuriko. Orodha ya maneno anaishika dada mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, na "mjuzi" imepita. "Fundi" imeleta ubishi, kuna mtu anasema wasikilizaji watamngoja na nyundo.

Wa humu ambao hamtafika, wekeni karatasi zenu hapa, juu hadi chini.

Foromali
1, 3, 2, 6, 4, 5.

Binti Songo Mnara
2, 4, 1, 6, 5, 3.

Nangurukuru
4, 2, 6, 1, 5, 3. Sijakizika kitabu cha mtu.

Kalamu na Karatasi
Nimesoma vinne tu: 2, 1, 4, 3. Vya tano na sita msivihesabu kwangu.

Mwalimu wa Zamu
1, 2, 4, 6, 3, 5. Na huyo wa nyundo mwambieni kuna fundi cherehani, kuna fundi wa dawa, wote mafundi.